Nani kasema ulimwengu una miaka bilioni 26?

Kuna ujumbe unaozunguka tena kwenye makundi yetu ya WhatsApp: la msikiti, la wazazi wa madrasa, hata lile la kuchangishana harusi. Unasema wanasayansi wamekiri walitudanganya. Darubini mpya, ati, imeona kwamba ulimwengu una miaka bilioni 26.7, si bilioni 13.8 kama wanavyosomeshwa watoto, na nadharia ya Mlipuko Mkuu imekufa. Chini yake watu wameandika takbir. Mmoja akaongeza: kama hili lilikuwa uongo, hayo ya chanjo tuyaamini vipi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika, maana halihusu nyota tena. Linahusu mtoto anayepelekwa au asiyepelekwa kliniki.

Tuanze na lililotokea. Darubini ya James Webb ilirushwa angani tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na picha zake za kwanza zikatolewa Julai 2022. Iko kiasi cha kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo, na kioo chake kina upana wa mita 6.5. Kazi yake ni kunasa mwanga ambao macho yetu hayauoni, ule uliosafiri muda mrefu mno hata mawimbi yake yakavutika na kupita wekundu. Na kwa kuwa mwanga huchukua muda kufika, anayetazama mbali anatazama zamani. Galaksi za mbali kabisa tunaziona jinsi zilivyokuwa ulimwengu ungali mchanga.

Februari 2023 watafiti wakiongozwa na Ivo Labbé wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, walichapisha katika jarida la Nature habari za galaksi sita zilizoonekana kuwa kubwa kupita umri wao. Zilikadiriwa kuwepo miaka milioni 500 hadi 700 tu baada ya mwanzo, na moja ilionekana kuwa na nyota zenye uzito wa jua letu mara bilioni 100. Ni sawa na kuingia darasa la chekechea ukakuta mtoto ana ndevu. Lazima ushtuke. Lakini ukishashtuka, utauliza nini kwanza: je, cheti cha kuzaliwa ni cha uongo, mtoto amekua haraka, au huyo si mtoto bali ni mwalimu aliyeketi kwenye kiti kidogo?

Rajendra Gupta wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, alichagua jibu la cheti. Julai 2023 alichapisha hesabu zinazoupa ulimwengu miaka bilioni 26.7. Alizipata kwa kuunganisha mambo mawili: wazo la zamani la Fritz Zwicky, la mwaka 1929, kwamba mwanga huchoka njiani, na dhana kwamba vipimo vya asili tunavyoviona vya kudumu hubadilika polepole. Hakuna kosa kwa msomi kupendekeza. Kosa ni la aliyeandika kwamba darubini “imeona” miaka hiyo. Webb haijapima umri huo. Ile ni hesabu ya mtu mmoja kwenye karatasi, na ina deni kubwa. Nyota ndogo huishi muda mrefu sana. Kama ulimwengu una miaka bilioni 26, ziko wapi nyota zenye miaka bilioni 18 au 20? Zilizo kongwe kabisa, zikipimwa, zinaishia karibu na bilioni 13. Mji wa miaka mia mbili usio na kaburi wala ukuta unaopita miaka mia una maswali ya kujibu.

Majibu mengine mawili, la kukua haraka na la mwalimu kitini, ndiyo yaliyoendelea kupata ushahidi. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu wavuvi wetu watalielewa jambo hili kuliko mwandishi wa ule ujumbe.

Ukiwa baharini usiku, kijiji hukioni. Unaona taa. Unaweza kukadiria nyumba kwa wingi wa mwanga, lakini kama pwani kuna mtu mmoja aliyewasha karabai, utahesabu nyumba ishirini mahali penye kibanda kimoja. Watafiti nao walikadiria uzito wa galaksi kwa mwanga wake, wakichukulia kwamba mwanga wote unatoka kwa nyota. Walipouchambua mmoja mmoja rangi kwa rangi, ilibainika kwamba galaksi mojawapo kati ya zile sita iko karibu zaidi, na ni ya wakati wa baadaye zaidi, kuliko ilivyodhaniwa. Vile vile vikajitokeza vidoa vyekundu vidogo, vingi, ambavyo sehemu ya mwanga wake inaelekea kutoka kwenye gesi inayozunguka shimo jeusi kwa kasi kubwa ikipata moto. Hiyo ndiyo karabai. Agosti 2024 utafiti ulioongozwa na Katherine Chworowsky wa Chuo Kikuu cha Texas ulionyesha kwamba ukiviondoa vidoa hivyo, galaksi zilizobaki si nzito kupita kiasi.

Hata hivyo, zilibaki kama mara mbili ya idadi iliyotarajiwa. Na Webb imeendelea kuchimba: Mei 2024 ilitangazwa galaksi iliyoonekana jinsi ilivyokuwa miaka kama milioni 290 tu baada ya mwanzo, na mwaka 2025 nyingine ya kama milioni 280. Kwa hivyo mshangao upo, na anayesema hakuna kilichobadilika naye anapotosha. Hesabu ya jinsi galaksi za kwanza zilivyowaka na kukua ndiyo iliyotikisika.

Umri wenyewe hautokani na galaksi hizo. Unatokana hasa na mwanga hafifu uliobaki kutoka mwanzoni na kuenea anga zote, ambao setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck, iliyorushwa 2009, iliupima kwa makini. Ugomvi mzito uliopo kuhusu umri uko mahali pengine. Kwa vipimo vya Planck, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26 inapaswa kutukimbia kwa kama kilomita 67 kwa sekunde. Kundi la Adam Riess, linalopima kwa nyota, linapata 73. Ukichukua 73 bila kubadilisha kitu kingine, ulimwengu unakuwa na umri *mdogo* zaidi, kwa kiasi cha miaka bilioni moja. Yaani mashaka yenye uzito yanaelekea upande ambao ujumbe wa WhatsApp hauutaji kabisa.

Wala si mara ya kwanza. Miaka ya 1930 kasi aliyopima Edwin Hubble iliupa ulimwengu miaka kama bilioni mbili, na mawe ya ardhini yakaonekana kuuzidi. Mwaka 1952, mkutanoni Roma, Walter Baade akaonyesha kwamba umbali wa galaksi ulikadiriwa nusu yake, na umri ukaongezeka maradufu. Aliyelifichua tatizo na aliyelirekebisha ni wanajimu hao hao, tena hadharani. Chanjo nazo hufuatiliwa hivyo hivyo baada ya kutolewa, na yenye kasoro husimamishwa. Ndiyo maana sioni jinsi marekebisho yanavyogeuka kuwa ushahidi wa uongo.

Kuna kundi jingine lazima nilitaje, ingawa litanuna. Ni maustadh waliotuhubiria miaka mingi kwamba Mlipuko Mkuu umo ndani ya Qur’ani, na leo baadhi yao wanasambaza habari za kifo chake kwa furaha ile ile. Qur’ani haikutaja ulimwengu una miaka mingapi. Ukiitundika imani kwenye nadharia, siku nadharia ikisogea utasogea nayo. Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Ptolemy, akaonyesha pale hesabu zake zinapopingana. Hakusema basi falaki yote ni uzushi.

Na sisi wa Pwani si wageni katika kisa hiki. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kulitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, jamii ya vitu hivyo hivyo vinavyoshukiwa leo ndani ya vidoa vyekundu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Taasisi ya Baltimore aliyokuwa mkurugenzi wake wa kwanza ndiyo inayoiendesha Webb hivi sasa. Walimu wa sayansi wa Malindi na Magarini wanaweza kulipeleka darasa Ngomeni na kurudi siku hiyo hiyo.