Msongamano Huu Una Wenyewe

Wananchi wenzetu,

Kila siku, kabla ya mapambazuko, wafanyakazi wa Kayole, Githurai, Kawangware na Rongai huwa wamekwisha kuondoka majumbani mwao. Huwaacha watoto wamelala, na jioni huwakuta wamelala tena. Saa ambazo wangezitumia kuwalea humezwa na barabara. Wakuu wetu huliita jambo hili "tatizo la msongamano", kana kwamba ni gharika iliyoteremshwa na mbingu. Sisi tunasema msongamano huu una wenyewe. Ulipangwa ofisini, ukatiwa sahihi, na utepe wake ukakatwa hadharani huku tukipiga makofi.

Tuanze na historia. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kubeba abiria wa Nairobi mwaka 1934, lakini jiji lilipopanuka hayakuitosha mitaa ya makabwela. Pengo hilo likazibwa na matatu, zilizopata jina lake kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri ya kuziruhusu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Amri hiyo iliwafaa maskini wengi, ila Serikali nayo ikapata mwanya wa kunawa mikono. Ilipojaribu tena, mwaka 1986, iliunda shirika la Nyayo Bus. Miaka ya 1990 shirika likaporomoka kwa usimamizi mbaya, na mabasi yake yakageuka vyuma chakavu. Basi anayemlaani utingo kwa fujo za barabarani na akumbuke kwamba mtoto huyu alitelekezwa na mzazi wake.

Wala asituambie mtu kwamba sekta hii haitawaliki. Mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vilifungwa katika matatu nchi nzima. Penye nia pana njia. Swali ni moja: nia ya wakuu wetu imekuwa ikimtumikia nani?

Jibu limeandikwa kwa saruji. Mwaka 2012 Rais Kibaki alifungua Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita zipatazo 50. Tuliahidiwa mwisho wa foleni. Magari yakaongezeka, barabara ikajaa, na wa Githurai akarudi kuhesabu dakika zake pale Muthaiga na Pangani. Mwaka 2022 ikaja barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya Kichina kwa mkataba wa kutoza ada kwa miaka 27. Miti iling'olewa. Uhuru Park yenyewe ikamegwa, bustani ile ile ambayo mwaka 1989 Wangari Maathai aliitetea isijengwe jumba la ghorofa 60. Huko juu mtembea kwa miguu na bodaboda hawaruhusiwi. Mwenye gari na fedha hupaa. Wengine wetu tumeachiwa vumbi na kivuli cha nguzo.

Hesabu ya suala hili haihitaji profesa. Basi la viti 51 huchukua nafasi ndogo barabarani. Watu hao 51 wakiendesha kila mmoja gari lake, magari yao yakipangwa mkia kwa pua yatashika robo nzima ya kilomita. Nairobi, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliikuta na watu zaidi ya milioni nne, wengi wao huenda kwa miguu au kwa matatu. Hata hivyo, mabilioni humwagwa kumfungulia njia anayesafiri peke yake. Huo si upangaji wa jiji. Ni ubaguzi uliopakwa lami.

Watajitetea kwamba walitukumbuka. Ni kweli: mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya uchukuzi, NaMATA, kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Njia tano za mabasi ya mwendo wa kasi zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mwaka 2018 mistari myekundu ikapakwa katika Barabara ya Thika. Rangi ilififia chini ya magurudumu kabla abiria hawajaliona basi la kwanza. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Gavana Mike Sonko alipiga matatu marufuku katikati ya jiji. Wazee, wagonjwa na walemavu wakashushwa Ngara na Muthurwa, wakaburura miguu hadi makazini na hospitalini, mpaka kelele za umma zilipoiondoa amri hiyo. Kumbe umma ukipaza sauti, husikika!

Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza kupanda mabasi ya Mwendokasi mwezi Mei 2016, katika njia zilizotengwa. Nao wana manung'uniko yao, hasa uhaba wa mabasi. Lakini manung'uniko ya abiria aliye na njia yake si sawa na ahadi ya rangi.

Kwa hiyo tunadai. Kwanza, barabara kuu zilizopo zitengewe njia ya mabasi na matatu kabla ya kumwaga saruji nyingine. Njia hiyo ipatikane hata kama mwenye gari binafsi atasogea. Pili, mikataba yote ya barabara iwekwe wazi, kwani Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Tatu, abiria, madereva na utingo wawe na wajumbe wao mahali ambapo maamuzi hufanywa. Nne, kila mtunga sheria anayemiliki matatu atangaze hivyo kabla ya kuzijadili. Tano, barabara isiyo na njia salama ya waendao kwa miguu ihesabiwe kuwa haijakamilika.

Wananchi wenzetu, mwezi Julai 1990 madereva wa matatu walipiga honi, na abiria wakatoa vidole viwili madirishani kudai vyama vingi. Wengine walikamatwa kwa ishara hiyo. Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa. Watu hao walioifungua siasa ya nchi hii hawastahili kufungiwa barabarani.

Mgombea akija kuomba kura, akiwa na msafara na ving'ora vilivyowasukuma pembeni, msimwulize atajenga barabara ngapi. Mwulizeni: mara ya mwisho ulipanda matatu lini? Kisha mpime jibu lake, na kura yenu ilifuate.