Siku 3 za baba, na barua pepe zisizokoma

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3! Kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba amesharudi ofisini. Na hata hizo chache wengi hawazimalizi: mkono mmoja umembeba mtoto, wa pili unajibu barua pepe za kazini.

Si kwamba baba huyo anapenda kazi kuliko familia. Anaogopa. Mteja asipojibiwa atadhani amepuuzwa, na bosi naye atauliza. Hofu hiyo ina dawa nyepesi, nayo imo humo humo kwenye simu: jibu linalojituma lenyewe kwa kila anayeandika wakati mwenye anwani yuko likizo.

Kwenye programu ya Gmail, mtu anagusa mistari mitatu iliyo juu kushoto, anashuka hadi kwenye mipangilio, anachagua akaunti yake, kisha anatafuta sehemu ya majibu ya likizo. Anaweka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, anaandika ujumbe, anahifadhi. Anayemwandikia mara kumi hajibiwi mara kumi. Anapata jibu moja, na jingine iwapo ataandika tena baada ya siku 4. Kwa kuwa mtoto hapigi hodi, ni vizuri maneno yaandikwe mapema na kutunzwa kwenye simu, ili siku ikifika ibaki kunakili na kuweka tarehe tu.

Penye shida ni hayo maneno. Wapo wanaoandika, "Niko likizo, ila kwa jambo la dharura nipigie," na namba wanaweka. Hapo hakuna likizo, maana hakuna mteja anayeona jambo lake si dharura. Wengine wanasema mno: "Nimesafiri na familia yote kwenda Moshi hadi Januari 5." Jibu hilo linamfikia hata mtu asiyejulikana, naye sasa anajua nyumba haina mtu. Gmail inaruhusu kuwajibu watu walio kwenye orodha ya mawasiliano pekee, na Outlook ya ofisini inaruhusu ujumbe mmoja kwa wafanyakazi wenzake na mwingine kwa watu wa nje.

Ujumbe kama huu unatosha: "Asante kwa barua yako. Sitakuwa kazini kuanzia tarehe 4 hadi 6 Machi. Kwa suala la malipo, tafadhali mwandikie mwenzangu wa uhasibu kwa anwani iliyo hapa chini. Mengine nitayajibu nikirejea." Habari za leba na uzito wa mtoto zibaki kwa ndugu na marafiki. Huyo wa uhasibu naye aambiwe kabla, kwa mdomo. Si haki mtu kugundua kwamba anakaimu nafasi ya mwenzake kwa sababu tu barua zimeanza kummiminikia.

Kisha arifa za barua pepe zizimwe. Jibu linaweza kujituma vizuri kabisa, lakini simu ikiendelea kulia, jicho litaifuata.

Kwa mama anayeuza vitenge au keki kupitia WhatsApp, ile ya kawaida haina huduma hii. WhatsApp Business inayo. Ipo kwenye zana za biashara, na mwenye duka anachagua saa za kutuma na watu wa kutumiwa. Jambo moja tu la kuangalia: akichagua itume wakati wote, asisahau kuizima akirudi. La sivyo mteja mwenye hela mkononi ataendelea kuambiwa kwamba duka limefungwa.