Virutubisho vya kutuliza mbwa na paka: Pima kabla ya kulipa

BIASHARA ya bidhaa za mbwa na paka haiishii tena kwenye chakula, dawa ya minyoo na sabuni ya viroboto. Katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo mijini, na zaidi kwenye mauzo ya mtandaoni, kuna vidonge, unga na matone yanayodaiwa kumtuliza mnyama mwenye wasiwasi.

Wanaovutiwa si matajiri pekee. Mkulima ambaye mbwa wake wa ulinzi hutoroka boma kila fataki zinaporushwa Mwaka Mpya, na mwenye ghala la nafaka ambaye paka wake hujificha mchana kutwa tangu ahamishwe, nao wanatafuta suluhu. Swali ni iwapo pesa zao zitafanya kazi.

Kwanza, virutubisho si dawa. Nchini Marekani, ambako soko hili ni kubwa, dawa ya mnyama haiuzwi kabla ya mtengenezaji kuthibitisha kwamba ni salama na inafanya kazi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007, fluoxetine ilipoidhinishwa kwa mbwa wanaopata wasiwasi wakiachwa peke yao. Virutubisho vingi havijapita mlango huo.

Watengenezaji wa huko waliunda baraza lao, NASC, mwaka 2001. Muhuri wake kwenye kopo huonyesha kwamba kiwanda kimekaguliwa namna kinavyofanya kazi. Haumaanishi kwamba mbwa wako atatulia.

Kilichomo ndani ya kopo

Baadhi ya viambato si vigeni kwa mkulima. L-theanine hupatikana katika majani ya chai. Alpha-casozepine hutokana na kasini, protini ya maziwa ya ng'ombe. Tryptophan hutumiwa na mwili kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na utulivu. Vingine ni homoni ya melatonin na mimea kama valerian na kamomili.

Theanine na casozepine zimefanyiwa utafiti kwa mbwa na paka, na baadhi ya matokeo yanatia moyo. Hata hivyo, tafiti nyingi zilihusisha wanyama wachache. Kwa hofu ndogo huenda zikasaidia. Kwa mbwa anayevunja mlango, kopo pekee halitoshi.

Mafuta ya CBD yatokanayo na bangi ni suala jingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya CBD kwa wanyama. Kwa mfanyabiashara wa Kenya au Tanzania, ambako bangi ni haramu, kuyaweka dukani ni kujitafutia kesi.

Hesabu ya mnunuzi

Bei ya kopo hudanganya. Kinachofaa ni gharama ya siku. Chukua kopo la vidonge 60, kipimo kikiwa kidonge 1 kwa siku kwa kila kilo 10 za uzito. Mbwa wa kilo 10 atalitumia siku 60. Mbwa wa ulinzi wa kilo 30 atalimaliza kwa siku 20.

Lebo nayo isomwe. Ikiwa haitaji kiasi cha kila kiambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji, iache. Bidhaa inayodai kuponya hofu kabisa pia iache.

Usimpe mnyama dawa za binadamu kwa kukisia. Paracetamol huua paka. Baadhi ya bidhaa za binadamu, zikiwemo za melatonin zenye ladha tamu, huwa na sukari ya xylitol ambayo ni sumu kwa mbwa.

Chanzo kwanza

Mara nyingi hofu ina sababu: mbwa anayefungwa mnyororo kutwa, maumivu, au paka mwenye tatizo la mkojo. Kurekebisha chanzo ni nafuu kuliko kununua makopo kila mwezi. Usiku wa fataki, mfungie ndani ya chumba mapema.

Mnyama akibadilika ghafla, akawa mkali bila sababu, akatokwa mate au akashindwa kumeza, hilo si suala la virutubisho. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, mpigie daktari wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo.

Kwa muuzaji, bidhaa hizi hutoka polepole na zinaweza kuharibikia rafuni. Ni busara kuanza na makopo machache, kuuza kopo zima badala ya kupima vidonge kwenye karatasi, na kuulizia usajili kabla ya kuagiza. Nchini Kenya, msimamizi wa dawa za mifugo ni VMD. Mteja aliyeelekezwa kwa daktari leo atarudi kununua chanjo na dawa ya minyoo, lakini aliyeuziwa matumaini matupu hatarudi.