Baraza ya Kazi Isiishi kwa Msaada

Apitaye Mji wa Kale wa Mombasa baada ya swala ya laasiri hakosi kuwaona wazee wameketi barazani, vikombe vya kahawa chungu mikononi, wakipashana habari. Mgeni huwadhania kuwa wamekaa bure. Sisi tuliolelewa huko twajua ya kwamba katika baraza hizo nyumba zimeuzwa, posa zimepangwa na wenye majahazi wamepata mizigo. Baraza ilikuwa ndiyo ofisi ya asiye na ofisi.

Leo vijana wetu wahitaji baraza ya namna nyingine. Yuko anayetunga programu za kompyuta, yuko anayechora matangazo, yuko binti anayefasiri barua za mteja aliye Dubai. Kazi yao yote imo ndani ya kompyuta moja, lakini pa kuifanyia hawana. Nyumbani kelele haziishi, na kila jamaa humtuma dukani kwa kuwa ati "umekaa tu". Mkahawani huona haya kukalia kiti tangu asubuhi kwa chai moja. Ndiyo sababu duniani pamezuka kumbi za kufanyia kazi pamoja, ambamo mtu hukodi kiti na meza kwa siku au kwa mwezi. Nairobi ilipata iHub mwaka 2010, na Mombasa tuna Swahilipot, jirani ya Fort Jesus.

Nia yangu leo si kuzisifu kumbi. Nataka kusema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: ukumbi wa namna hii ni biashara, na usipoendeshwa kibiashara hufa. Ni mara ngapi tumehudhuria sherehe za kukata utepe, tukapigwa picha pamoja na wafadhili, kisha msaada ukakatika, mlango ukatiwa kufuli na vijana wakarudi walikotoka? Mfadhili si mtu mbaya. Ubaya ni kumfanya yeye ndiye mteja wetu wa pekee. Wahenga wamekwisha kutuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hebu tupige hesabu kwa mfano. Tuseme pana chumba cha viti 20. Kodi ya nyumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, umeme na maji 20,000, intaneti 15,000, mishahara ya mwangalizi na mfagiaji 40,000, na akiba ya matengenezo 15,000. Jumla ni shilingi 150,000. Ukimtoza kila mwanachama shilingi 6,000, ukauza kiti kimoja kwa mtu mmoja, viti vyote vikijaa utapata 120,000. Yaani ukumbi umejaa pomoni, nawe umekula hasara ya 30,000! Lakini si kila mwanachama huja kila siku. Viti 20 vyaweza kuwatosha watu 30, nao wataleta shilingi 180,000. Chumba cha mikutano nacho hukodishwa kwa saa, na jioni ukumbi waweza kuwa darasa la kulipia. Asiyefanya hesabu hii kabla ya kununua meza, basi ajue amenunua deni.

Kosa la pili ni kutafuta nyumba kabla ya kutafuta watu. Brad Neuberg, Mmarekani anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kumbi hizi, alianza San Francisco mwaka 2005 kwa kukodi nafasi katika nyumba ya wenzake, tena siku mbili tu kwa juma. Mwanzoni hakuja mtu. Kwa kuwa hakujifunga kwa kodi kubwa, aliweza kungoja hadi watu wakaja.

Litazame na kampuni la WeWork, la huko huko Marekani. Mapema mwaka 2019 lilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 likaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Lilikuwa limekodi majumba kwa mikataba ya miaka mingi, huku wateja wake wengi wakilipa kwa muda mfupi. Ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani mwaka 2020, wateja walijiendea zao, kodi ikabaki pale pale. Lilisimama tena mwaka 2024, lakini baada ya kuacha mengi ya majumba hayo.

Wazee wetu waliijua siri hii zamani. Mwenye kujenga msikiti hakuishia kwenye kuta na mihirabu. Aliuwekea wakf duka au nyumba ya kupangisha, ili kodi yake inunue mafuta ya taa na kutengeneza paa. Jambo la kheri nalo lilipewa tegemeo lake.

Basi kijana mwenye nia aanze na watu. Apate wenzake 15 walio tayari kulipa miezi mitatu mbele, kabla hajatia saini mkataba wowote. Amwendee mwenye nyumba ambaye ghorofa yake imekaa tupu, wakubaliane kodi iwe fungu la mapato kwa mwaka wa kwanza. Mtaji na uchangwe kwa ushirika wa faida na hasara, si kwa mkopo wa riba. Wala asiwasahau akina mama na mabinti: wakipata chumba chao chenye stara, wengi wanaofanyia kazi vyumbani mwao watatoka, nao ni wateja wenye kulipa kama wengine.

Baraza za wazee zimedumu kwa sababu walioketi ndio waliokuwa wakilipia kahawa yao. Baraza ya vijana nayo, inshaallah, itadumu kwa njia hiyo hiyo.