Bukavu: Makala za watafiti ni za bure, lakini ufunguo uko ofisini

Je, "sheria ya Obama" ya mwaka 2010 iliwasaidia wachimbaji wa Kivu ya Kusini au iliwaumiza? Mwanafunzi wa Bukavu anayechagua swali hilo kwa TFC au memwari hawezi kulijibu kwa maneno ya mtaani Kadutu peke yake, wala kwa ukurasa wa kwanza wa Google.

Pande zote mbili zimeandikwa. Enough Project, shirika la Marekani lililoipigania sheria hiyo, lilisema makundi yenye silaha yalipoteza machimbo mengi ya kasiteriti, koltani na wolframiti. Mwaka 2014, watafiti na wataalamu wapatao 70 walijibu kwa barua ya wazi: kampeni hiyo imewanyima wachimbaji riziki. Utafiti wa 2016 katika jarida la Journal of Law and Economics ulikuta vifo vya watoto wachanga vimeongezeka katika vijiji vya karibu na machimbo yaliyolengwa. Mwingine wa 2018, katika PLOS ONE, ulihusisha sheria hiyo na kuongezeka kwa uporaji na mapigano. Na bado kuna fundo la kufungua: Rais Kabila mwenyewe alisimamisha uchimbaji kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Madhara gani ni ya Washington, na yapi ni ya Kinshasa? Hapo ndipo memwari nyingi hukwama.

PLOS ONE husomwa bure na kila mtu. Majarida mengine huuza makala moja mara nyingi kwa zaidi ya dola 30, na ni wanafunzi wangapi wa Bukavu wenye kadi ya kulipia mtandaoni? Lakini Kongo imo katika nchi zinazopewa majarida hayo bila malipo kupitia Research4Life, mpango ulioanza 2002 na maktaba ya afya ya Hinari. Shida ni kwamba neno la siri hupewa chuo, si mwanafunzi. Chuo kisipojiandikisha, au mkutubi akihamishwa nalo, mlango unabaki umefungwa. Kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba neno hilo lipo hakuhitaji bajeti yoyote.

Asiyelipata ana njia nyingine. JSTOR humruhusu mtu aliyejiandikisha kusoma makala 100 kila siku 30, mtandaoni tu. Persée na OpenEdition zina mengi ya bure kwa Kifaransa. Makala nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo ni heri kutafuta kwa jina la mahali: Kamituga, Shabunda na Nyabibwe huandikwa vilevile katika kila lugha.

Kisichopatikana kwa urahisi humo ni kazi za Bukavu yenyewe. TFC nyingi hulala kabatini baada ya kutetewa, na utafiti wa Antwerp juu ya Kamituga huonekana upesi kuliko ule wa mtoto wa Kamituga.