Afisa mifugo akibisha hodi, usifiche mbwa

Anayezalisha mbwa nyumbani, Mpanda au kwingineko Katavi, akiulizwa kuhusu banda chafu au mbwa wasiochanjwa, ni rahisi kujibu: "Ni mali yangu." Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Si anasa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa karibu hana njia ya kupona, na Shirika la Afya Duniani linasema wanne kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15.

Hata hivyo, faini ikitangulia chanjo, watu wataficha mbwa, na mbwa aliyefichwa hachanjwi. Afisa aje kwanza na sindano na ushauri. Anayekaidi ndipo afikishwe mbele ya sheria.

Nawe mzazi, kabla ya kununua mtoto wa mbwa, omba kadi ya chanjo ya mama yake. Mwanao aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha umwahishe hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.