UZI: Nunua mziki ukiwa bado unasikia

1/ Nimetoka zamu, nimekunywa chai, sasa nataka kugombana na watu. Juzi kijana mmoja kaandika hapa kwamba ana hela ya amplifaya na spika mbili, anaomba ushauri. Majibu karibu yote: "Subiri, mpya inatoka mwezi wa tisa." "Usikurupuke, teknolojia inakimbia." Mimi ni nesi, siyo fundi redio. Ila kwenye hili nina neno, na sitalimung'unya.

2/ Hii tabia ya kusubiri toleo jipya tumeitoa kwenye simu. Simu ya miaka saba imechoka kweli: betri imekufa, programu zinagoma kufunguka. Sawa. Sasa tumeichukua tabia hiyo hiyo tukaihamishia kwenye spika. Spika ni sumaku, koili ya waya, koni na boksi. Kazi yake ni kusukuma hewa. Na hewa, ndugu zangu, haijatoa toleo jipya.

3/ Mnataka mifano? Mashine ya kupigia santuri ya Technics SL-1200 ilitoka 1972. Wakaacha kuitengeneza 2010, mwaka 2016 ikarudi sokoni, na ukiiweka pembeni ya ile ya zamani hata mtoto wa chekechea atakwambia hawa ni ndugu. Spika ndogo za LS3/5A, zilizobuniwa na BBC miaka ya 1970, hadi leo kuna watu wanazitengeneza na watu wanazinunua. Waliozinunua mwanzo wamefaidi zaidi ya miaka 40. Waliokuwa wanasubiri zilizo bora zaidi sijui wako wapi.

4/ Twende kwenye namba. CD ilianza kuuzwa 1982. Inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo inabeba sauti hadi karibu hezi 22,000. Sikio la kijana mwenye afya linaishia kama hezi 20,000. Ukifika miaka 50, wengi hata 15,000 hawaifikii. Yaani kitu cha 1982 kilishalipita sikio lako. Huo ubora wa juu zaidi mnaousubiri, atakayeufaidi ni popo.

5/ Na waliosubiri mfumo mpya mbona tunawajua. SACD ilikuja 1999, DVD-Audio ikafuata 2000, tukaambiwa CD imekwisha. Hakuna hata mmoja ulioingia sebuleni kwa watu wa kawaida. Juzijuzi ikawa zamu ya MQA: watu wakakataa kununua mashine isiyo na MQA. Mwaka 2023 kampuni yenyewe ikafilisika, 2024 TIDAL nao wakaachana nayo. Kuna mtu alisubiri miaka yote hiyo stendi, na basi limefutiwa safari.

6/ Halafu wati. "Ya mwaka huu ina wati 100, ya mwakani itakuwa na 120." Sikilizeni: ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati kama mara kumi. Kutoka 100 kwenda 120 hata desibeli moja haifiki. Huisikii. Na yale maboksi ya sabufa yaliyoandikwa maelfu ya wati za PMPO, hayo ni mapambo. Uliza wati za RMS, uone muuzaji anavyobadilisha mada.

7/ Sasa niingie kwenye kazi yangu. Ndani ya kila sikio una seli zenye vinyweleo kama 15,000 hivi. Umezaliwa nazo. Kelele zinaziua, umri unaziua, baadhi ya dawa zinaziua. Zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba: upatu wa dramu, nyuzi za juu za gitaa, herufi s na f kwenye maneno. Nyinyi mnasubiri mashine iwe bora, na kifaa pekee kisichokuwa na toleo jipya kiko kichwani kwenu kinashuka kila mwaka.

8/ Siongei kwa kusoma tu. Baba yangu alikuwa kijana Morogoro enzi za Morogoro Jazz, kabla Mbaraka Mwinshehe hajaenda kuanzisha Super Volcano. Amestaafu ualimu, hana anasa yoyote. Kitu kimoja tu aliniomba: "Mwanangu, nitafutie mziki mzuri, siyo haya makelele, nisikie yale magitaa vizuri." Hela nilikuwa nayo, nilikuwa nimepokea mchezo wa kazini.

9/ Nikamwambia, "Baba, vumilia kidogo, kuna mpya inakuja." Nikasoma, nikalinganisha, nikajiona mjanja. Mpya ikaja. Nikaona kuna nyingine njiani. Ikapita miaka mitatu. Nilipomfungia mziki pale sebuleni nikaweka nyimbo zake, akasikiliza kama dakika mbili, kichwa amekiinamisha. Akaniuliza, "Mbona nasikia besi tu? Solo liko wapi?"

10/ Solo lilikuwepo, wakuu. Mimi nililisikia vizuri sana. Tulipompeleka kupimwa masikio, majibu yakawa yale yale ninayowaelezea ndugu za wagonjwa kila siku: uzee, sauti nyembamba zimeondoka. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi, nitalikumbuka." Sasa mtu akiniambia "subiri mwezi wa tisa", mnielewe kwa nini napandisha.

11/ Kuna kaka kwenye komenti ameshauliza: "Dada nesi, nikinunua leo kesho bei ikashuka je?" Inaweza kushuka kweli. Lakini piga hesabu yote. Laki tano yako ya leo siyo laki tano ya mwakani, na dola ikipanda bidhaa ya kuagiza inapanda nayo. Na mwaka mzima wa kusikiliza mziki jioni na wanao, huo kwenye hesabu yako umeuandika shilingi ngapi? Umeuandika sifuri. Hapo ndipo unapokosea.

12/ Sisemi msisubiri kabisa, nisije nikawekewa maneno mdomoni. Subiri kama hela ni ya mkopo wa kausha damu. Subiri kama ulichonacho kinakutosha na unataka kipya kwa sababu ya tangazo. Subiri kama mpya inatoka wiki mbili zijazo, halafu ikitoka nunua ile ya zamani, duka litataka kuiondoa. Kusubiri kwenye tarehe na sababu ni mpango. Kusubiri bila tarehe ni woga tu, tumeuvalisha suti.

13/ Na mtenganishe kinachozeeka na kisichozeeka. Bluetooth, programu na kioo cha kugusa vinazeeka haraka. Spika na amplifaya haviendi mbio. Kwa hiyo usinunue boksi moja lenye kila kitu ndani, likifa programu umekwama nalo. Nunua amplifaya ya kawaida yenye matundu ya waya nyuma, na spika zake mbili. Bluetooth iwe kidude kidogo cha pembeni. Kikichakaa unatupa kidude, mziki unabaki.

14/ Kariakoo na kwenye mitumba kuna vitu vizuri sana, ila fungueni macho. Amplifaya nyingi zilizotumika kutoka Japani ni za volti 100. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, umenunua moshi. Geuza nyuma, soma. Bonyeza taratibu ule mduara laini unaozunguka koni: kama ni sponji inayobomoka kama keki kavu, joto na unyevu vimeshaimaliza, labda fundi aiweke mpya. Amplifaya ikiandikwa ohm 8 na kuendelea, usiifunge spika za ohm 4. Na nenda na fleshi yako yenye wimbo unaoujua kwa moyo. Usikubali kupigiwa ule wa muuzaji.

15/ Ukishanunua, nesi anakuomba kimoja. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa 4 tu kwa wiki nzima. Kama mtu aliyekaa mita moja inabidi umpigie kelele ndipo akusikie, punguza. Na mtoto wako asilale mbele ya sabufa. Mziki mzuri unausikia vizuri hata ukiwa chini. Huo ndiyo unaoitwa mzuri.

16/ Mdogo wangu uliyeomba ushauri, jibu langu hili hapa. Hela ni yako, siyo ya deni. Umesikiliza dukani, umependa. Volti umesoma. Kanunue Jumamosi hii. Mwezi wa tisa itatoka mpya, ndiyo, na mwezi wa tatu nyingine. Wewe utakuwa umekaa kwako unasikia solo. Na kama una mzazi anayependa mziki, mkaribishe akae kiti cha katikati, leo, siyo mwakani.

Nimemaliza. Wa matusi karibuni, ila naingia zamu saa moja asubuhi, nitawajibu jioni.